UZI: Kusoma lebo za vyakula kwa anayekwepa gluteni, na yale ambayo lebo haikuambii

MamaTaji_Njoro:

Wadau, hamjambo. Maswali ya gluteni yamekuwa yakija hapa vipande vipande, mara kwenye uzi wa watoto, mara kwenye uzi wa mapishi, na majibu mengine yanaweza kumuumiza mtu. Nimeona niyaweke mahali pamoja. Binti yangu ana siliaki. Alipimwa damu, kisha wakamwingiza kamera kupitia mdomoni wakachukua vipande vidogo vya utumbo kwenda kupimwa, kwa hiyo hapa sizungumzii mtindo wa kupunguza mwili. Tunaishi Njoro, ngano iko mbele na nyuma ya nyumba, na bado tunaishi bila ngano.

Kwa asiyejua, gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ambayo kwa Kiingereza ni "rye". Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utumbo wake mdogo, na vile vijinyuzi vinavyofyonza chakula vinalala, mwishowe vinaisha. Mtoto anakula vizuri na haongezi uzito. Damu inapungua hata akipewa vidonge vya madini ya chuma. Wengine wanaharisha, wengine wanafunga choo, wengine wana vidonda vya mdomo tu na uchovu. Kidonge cha kuponya hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha kwenyewe kuwe kweli. Watafiti walishaonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiendelea kwa miezi, zinatosha kuharibu utumbo. Slesi moja ya mkate ina gluteni ya gramu 2 hivi. Ikate mara 40 na kipande kimoja tu, kila siku, ni tatizo.

Ndiyo sababu nasoma lebo kama mtu anayesoma barua ya wakili.

Anza nyuma ya pakiti. Mbele pameandikwa yale ambayo kampuni inataka uyaone. Nyuma ndiko kuna viambato, na vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Wengi husoma vitatu vya mwanzo wakaridhika, ilhali gluteni iliyojificha hupenda kukaa mkiani, kwenye ladha, rangi na vile vya kushikanisha.

Chukua mfano wa soseji za nyama ya ng'ombe zilizo kwenye friji ya supamaketi yoyote ya Nakuru. Pakiti niliyokuwa nayo mkononi juzi ilianza na nyama, ikafuata maji, cha tatu "rusk". Neno "wheat" halikuwa karibu hapo. Sasa "rusk" ni mkate mkavu wa ngano uliosagwa, unawekwa unyonye maji na kushikanisha nyama. Ilibidi nigeuze pakiti hadi kwenye mshono wa plastiki, pale palipobanwa kwa moto, ndipo nikaona kwa herufi ndogo "contains wheat, soya", na mshono umeshameza nusu ya neno la kwanza. Mtu anayesoma haraka jioni, mtoto yuko mgongoni na matatu inapiga honi, hawezi kuliona. Smoki ni hivyo hivyo. Kebabu za dukani ni hivyo hivyo.

Majina ya ngano ni mengi, na ukiyajua hubabaiki: "semolina", ambayo Wahindi huiita suji, "durum", "atta", "maida", "bulgur", "couscous", "spelt", "farina", "breadcrumbs". Yote hayo ni ngano. "Triticale" ni chotara wa ngano na rai.

Lakini anayetuangusha zaidi si ngano, ni shayiri, na shayiri huingia kwa jina la kimea. Ukiona "malt", "malt extract", "malt flavouring" au "malt vinegar" na hakuna maelezo zaidi, ihesabu ni shayiri. Milo ina kimea cha shayiri. Horlicks ina ngano na kimea cha shayiri pia. Weetabix kila mtu anajua ni ngano. Ila watu hushtuka nikiwaambia kwamba cornflakes, ambazo ni mahindi, nyingi hutiwa dondoo la kimea ili zipate ile ladha tamu ya kuungua. Mama anamwondolea mtoto mkate, anampa cornflakes akijua ni mahindi matupu, na mtoto haponi. Analaumu daktari.

Vingine vya kushika vizuri: sosi ya soya ya kawaida huchachushwa pamoja na ngano. Krispi za viazi ni viazi na mafuta, sawa, lakini ile poda ya ladha ya kuku au nyama choma inaweza kuwa na unga wa ngano au kimea. Njugu zenye ganda gumu la kukaangwa zimevikwa unga. Poda za mchuzi, za supu na "masala" za kuchanganywa tayari, soma kila moja, kwa sababu mbili zinazofanana rafuni zinaweza kutofautiana kabisa. "Hydrolysed vegetable protein" isiyosema imetokana na mmea gani, iache.

Na kuna vinavyotisha bure. "Glucose" si gluteni. "Monosodium glutamate" si gluteni. "Maltodextrin" licha ya jina lake si kimea, na mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi. "Modified maize starch" ni mahindi. "Buckwheat" haina undugu na ngano. Nasema haya kwa sababu nimeona wazazi wakimnyima mtoto yoghati salama kwa hofu.

Alama nazo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kinaweza kuitwa "gluten free" kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Maana yake gramu 100 za chakula hicho haziwezi kuzidisha miligramu 2. Hilo ni neno zito na ninaliamini. Ile picha ya suke lililokatwa kwa mstari nayo ni alama inayolindwa, si pambo. Lakini "wheat free" si sawa na "gluten free", shayiri inaweza kuwamo. "Organic", "sugar free", "vegan", hakuna inayosema lolote kuhusu gluteni. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inasema bidhaa imefikia kiwango chake cha ubora, na mkate nao una alama ya KEBS.

La mwisho kwa leo: soma kila unaponunua, hata kitu unachokijua. Viwanda hubadilisha mchanganyiko na karatasi ya nje ikabaki rangi ile ile.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

Odhis_Kondele:

Mama Taji asante sana, umeandika kwa utulivu. Nauliza kwa heshima kabisa: huu ugonjwa uko kwetu kweli? Huku Kisumu mtu akiharisha tunajua ni amiba au taifodi. Nimekuwa nikidhani siliaki ni ya wazungu.

Afisa_Kliniki_Kakamega:

Odhis, ngoja nimsaidie Mama Taji hapa maana swali lako nalisikia kila wiki.

Wazungu ndio waliouchunguza kwanza, hiyo ni kweli. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi ilipata njaa kali, mkate ukaadimika, na watoto wake wenye siliaki wakawa nafuu wakati wenzao wanadhoofika. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Kabla ya hapo watu walijua kuna ugonjwa lakini hawakujua unaletwa na chakula gani.

Lakini usiseme hauko Afrika. Uchunguzi wa watoto wa Sahara Magharibi uliochapishwa 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 wanao. Hicho ni kiwango cha juu kuliko Ulaya, ambako ni karibu mtu 1 kwa 100. Unahitaji vinasaba fulani na unahitaji kula ngano. Sisi wa magharibi mwa Kenya tulikuwa watu wa wimbi, mtama na muhogo. Sasa mtoto wa Kakamega anaanza siku na mkate, saa nne ni mandazi, jioni chapati.

Na hapa nawaomba wote msome polepole. USIACHE ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiacha miezi kadhaa zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanarudi safi ilhali unao. Kisha inabidi uanze kula tena ngano kwa wiki kadhaa, na hakuna mateso kama hayo kwa mtu aliyeshaonja nafuu. Ukishuku, pimwa kwanza. Kipimo kinaitwa tTG-IgA, na kipimwe pamoja na IgA ya jumla (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili), kwa sababu kuna watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha na kipimo kinadanganya. Ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, hata wakiwa hawana dalili. Vilevile watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza.

MamaTaji_Njoro:

Daktari umesema kweli. Hilo la kutoacha kabla ya kupimwa lingekuwa sentensi yangu ya kwanza.

Shiks_Nax:

Mama Taji, mimi shida yangu ni unga wa uji. Kijana wangu ana miaka mitatu na ameshapimwa, anao. Nanunua unga mchanganyiko, wimbi, mtama, muhogo, soya, njugu, hadi omena. Pakiti haina neno ngano popote. Lakini tumbo bado. Ninaishi Free Area, Nakuru, kisiagi kiko hapo chini.

MamaTaji_Njoro:

Shiks, pole mamangu. Nikuulize mawili. Pakiti hiyo ina jina la kampuni na orodha iliyochapishwa, au ni ile ya karatasi iliyopigwa stepla na kibandiko cha kompyuta? Na kama unachanganya mwenyewe, unasaga wapi?

Kwa sababu hapa ndipo lebo inapoishia. Kwa wimbi linalouzwa kwa gorogoro sokoni hakuna lebo ya kusoma. Gorogoro iliyopima ngano ya mteja aliyetangulia ndiyo hiyo hiyo inayopima wimbi lako. Gunia lililobeba ngano msimu uliopita linabeba mtama msimu huu. Na kisiagi ndicho kikubwa kuliko vyote. Huku kwetu watu wanapeleka ngano yao wenyewe kusaga ili wapike chapati za brauni. Wewe unafika na wimbi lako safi, unamwagiwa humo humo.

Shiks_Nax:

Nachanganya mwenyewe. Nasaga hapo chini. Ngano inasagwa hapo, nimeiona.

Kisiagi_Luanda:

Habari zenu. Mimi nina kisiagi hapa Luanda, Vihiga, na nimesoma uzi huu wote. Acha niwaeleze mashine ilivyo ndani, maana mteja huona tu unga ukitoka.

Vyetu vingi ni vya nyundo. Nafaka inaingia juu, inashuka kwenye chumba cha chuma, nyundo zinaipiga kwa kasi hadi iwe ndogo kupita kwenye matundu ya chekeche. Kisha upepo unasukuma unga kwenye bomba hadi juu, unaangukia kwenye ule mfuko mrefu wa kitambaa mnaouona ukitikisika. Unga unabaki sehemu tatu. Unabaki chini ya nyundo. Unabaki kwenye kona za bomba. Na unabaki kwenye kitambaa chenyewe, huo ndio mwingi. Ukiukung'uta ule mfuko jioni unapata unga wa kushika kwa viganja viwili, na humo kuna kila kitu kilichosagwa siku nzima.

Wengi husema "nisagie mahindi kidogo kwanza yasafishe". Yanapunguza, sikatai. Lakini hayatoi kilicho kwenye kitambaa. Kusafisha kweli ni kuzima, kufungua kifuniko, kutoa chekeche, kupiga brashi ndani, kukung'uta bomba, kuvisha mfuko mwingine uliofuliwa, ndipo usage debe moja la mahindi uliweke kando liliwe na kuku. Ni kazi ya karibu saa nzima, na foleni ya akina mama imesimama nje. Mwenye kisiagi akikuambia "nimesafisha" na hukuona kifuniko kikifunguliwa, usimwamini, hata kama ni mimi.

MamaTaji_Njoro:

Mzee, Mungu akubariki. Hayo ya mfuko sikuwahi kuyasikia yakielezwa namna hiyo.

Shiks, ninavyofanya mimi ni hivi. Nanunua wimbi zima, si unga. Punje ya wimbi ni ndogo sana ukilinganisha na ngano, kwa hiyo chekeche ya matundu madogo inatenganisha vizuri, wimbi linapita na ngano inabaki juu. Mtama ni mgumu zaidi kwa sababu punje zinakaribiana ukubwa, huo nauchagua kwa mkono kwenye sinia nyeupe, mchana, karibu na dirisha. Kisha naosha, naanika kwenye kitambaa ambacho hakijawahi kushika unga wa chapati, halafu nasaga nyumbani kwa mashine ndogo ya umeme ambayo haijui ngano. Ni kazi. Lakini tangu hapo uji hautusumbui.

Muhogo mkavu nanunua wa vipande, nikaona kwa macho yangu ni muhogo.

Kisumu_Masala:

Mama Taji naongeza mawili kutoka jikoni kwetu Wahindi wa Kisumu. Hing, ile poda yenye harufu kali ya kutia kwenye dengu, ile ya kopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili isishikane. Watu wanapika dengu tupu, bila chapati, na bado wanaumwa. Soma kopo. Zipo za unga wa mchele, ni za kutafuta.

La pili ni unga wa dengu wa kupikia bajia. Dengu yenyewe haina gluteni. Lakini kinu kinachosaga unga huo mara nyingi ndicho kinachosaga atta. Na ile alama ya duara la kijani kwenye bidhaa za India inamaanisha hakuna nyama basi. Nimeona mtu akimwonyesha mgonjwa duara la kijani akimwambia ni salama.

Nyar_Dunga:

Na samaki je? Mimi nakaanga pale Dunga. Wateja wa Nairobi siku hizi wanauliza gluteni na mimi nilikuwa najibu samaki ni samaki.

MamaTaji_Njoro:

Dada, samaki wako ni salama akitoka ziwani. Tazama mambo mawili. Kama unampaka unga kabla ya kumtia kwenye mafuta ili asinate, huo ni unga gani? Wengine wanatumia wa ngano. Wa mahindi unafanya kazi ile ile, hata unakauka vizuri zaidi. Na karai: mafuta yaliyokaanga mandazi au samosa asubuhi yana ngano ndani yake, moto hauui gluteni. Ukiwa na karai moja ya samaki na viazi peke yake, mwambie mteja wazi. Ukiwa huna, mwambie hivyo pia. Mgonjwa anashukuru jibu la kweli kuliko la kumfurahisha. Samaki wa kuchemsha na ugali, kwa mtu wetu, ni karamu.

Nyar_Dunga:

Ninatumia wa ngano kwa kweli. Nitabadilisha, unga wa mahindi ni bei rahisi hata. Karai la samaki liko peke yake.

Mjomba_Busia:

Huku mpakani biskuti na pasta zinakuja na lugha zote, na kibandiko cha Kiingereza kimebandikwa juu ya orodha. Nimewahi kukibandua nikakuta orodha ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Kwa hiyo nimejifunza maneno machache. Ngano kwa Kifaransa ni "blé", kwa Kireno na Kihispania "trigo", kwa Kijerumani "Weizen", kwa Kituruki "buğday". Shayiri ni "orge" kwa Kifaransa, "cevada" kwa Kireno, "Gerste" kwa Kijerumani, "arpa" kwa Kituruki. Hayo yananitosha.

MamaTaji_Njoro:

Mjomba, hayo nayanakili. Niongeze kuhusu za nje: zile za Ulaya ni rahisi kusoma, tangu Desemba 2014 sheria yao inataka vizio, yaani vyakula vinavyodhuru wenye mzio, vionekane tofauti ndani ya orodha, kwa hiyo "wheat" na "barley" mara nyingi ziko kwa herufi nzito. Za Marekani kuna mtego. Sheria yao ya vizio ya 2004 inalazimisha ngano itajwe, lakini shayiri na rai hazimo. Pakiti inaweza kukosa kabisa ile sentensi ya "contains wheat" na bado ina kimea ndani ya "natural flavor". Ukinunua ya Marekani isiyo na neno "gluten free", tafuta "malt" neno kwa neno.

Mwl_Bungoma:

Nasimamia bweni la wasichana. Tumepokea kidato cha kwanza mwenye hali hii. Mzazi ameleta barua ya daktari na sanduku la vyakula vyake. Jikoni tunapika ugali na maharagwe kila siku, kwa hiyo niliona hana shida isipokuwa mkate wa asubuhi. Kuna ninachokosa?

MamaTaji_Njoro:

Mwalimu, heri mtoto aliyekupata wewe uliyeuliza.

Ugali wa unga wa mahindi wa kiwandani, sawa. Maharagwe, uliza kama mpishi anatia unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito, shule nyingi hufanya hivyo Jumapili kwa nyama. Uliza poda ya mchuzi ni gani na uisome. Siku ya chapati ndiyo mbaya kuliko zote, unga unaruka hewani na kutua kwenye kila sufuria iliyo wazi, kwa hiyo chakula chake kipakuliwe na kufunikwa kabla donge halijaanza kusukumwa. Awe na sahani, kikombe na kijiko chake vyenye alama. Upawa usitoke kwenye sufuria moja kuingia nyingine. Na wasichana wenzake waambiwe, kwa ruhusa yake, maana kule bwenini wanagawana biskuti kwa upendo na yeye ataona haya kukataa.

Asubuhi mpe viazi vitamu, nduma, ndizi ya kuchemsha au mayai. Wenzake watamwonea wivu.

Mwl_Bungoma:

Mchuzi wa Jumapili unatiwa unga, umenikumbusha. Nitazungumza na mpishi leo.

Akinyi_Milimani:

Sisi Wakatoliki je? Komunyo ya kwanza ya mpwa wangu iko karibu na mama yake anasema afadhali akose kuliko kuugua.

MamaTaji_Njoro:

Asikose. Hostia ya kawaida ni ngano tupu, hiyo asiiguse. Kanisa lilishatoa maelekezo 2003, yakarudiwa 2017: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini zipo zenye gluteni kidogo sana na hizo ni halali, na nyingine ziko chini ya ule mpaka wa miligramu 20 kwa kilo. Anaweza pia kupokea divai peke yake. Nendeni kwa padre mapema, mwombeni kikombe chake kiwe kingine, kwa sababu kwenye kile cha altareni padre hudondosha kipande cha hostia. Sisi paroko wetu alielewa mara moja, kikombe kidogo kinakaa pembeni na binti anapanda foleni kama wenzake.

Dawa pia, kwa kuwa tumefika huko: tablet hushikanishwa kwa wanga, na mara chache wanga huo ni wa ngano. Mwambie mfamasia kabla hajakufungia.

Baba_Kijana_Kitale:

Oti je? Kila mtandao una jibu lake.

Afisa_Kliniki_Kakamega:

Oti zikiwa safi kabisa, wengi wenye siliaki wanazivumilia, wachache hapana. Tatizo ni kwamba oti za kawaida huvunwa, kusafirishwa na kusagwa mahali pamoja na ngano na shayiri. Kwa hiyo chukua zilizoandikwa "gluten free" pekee, na mgonjwa mpya asubiri kwanza apone, aanze baadaye akiwa na mtu wa kumfuatilia. Kama hazipatikani Kitale, uji wa wimbi una madini ya chuma na kalsiamu na hakuna anachokosa.

Shiks_Nax:

Mama Taji, nimerudi. Mashine ndogo ya umeme bado sina, nitajipanga mwisho wa mwezi. Mzee wa Luanda, nina dada yangu anaishi Maseno, si mbali na wewe. Nikimtumia pesa anunue wimbi, unaweza kunisagia kwa mfuko mwingine kama ulivyosema?

Kisiagi_Luanda:

Naweza, mama. Huku kwetu ngano ni nadra kisiagini, wengi ni mahindi, mtama na muhogo, lakini ngano inafika, hasa karibu na Krismasi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba haipo. Dada yako aje Jumatatu asubuhi kabla sijafungulia wengine. Jumapili jioni nitafungua kifuniko na kupiga brashi, na mfuko mpya nimeshampa fundi cherehani ashone. Huo nitauandika WIMBI kwa maka na hautavishwa kwa kitu kingine. Aje na mahindi debe moja ya kutangulia. Asimame hapo aone.

Shiks_Nax:

Ataleta. Na mfuko wa kubebea unga ataleta mpya, si wa unga wa zamani.

MamaTaji_Njoro:

Shiks, mwambie dada alichekeche wimbi kwanza huko huko Maseno, kabla ya kuliosha, na likauke kabisa ndipo alipeleke, likiwa na unyevu litanasa kwenye chekeche ya mzee. Mzee, ukikubali nitamtuma na mwingine wa Mbale, mtoto wake ni mdogo kuliko wa Shiks.

Kisiagi_Luanda:

Waje wote Jumatatu hiyo hiyo. Nikishafungua kifuniko ni heri nisagie wengi.